Doto Amekwenda Kuchota Maji

Jumanne saa kumi za jioni Mwalimu Yunusi alifika kwa Mama Kulwa, huko Makote, akiwa na faili la kaki kwapani na saa ya kupimia mbio ikining'inia shingoni. Mama Kulwa alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya muhogo. Akamkaribisha, akamsogezea kiti cha plastiki kilichovunjika mguu mmoja na kufungwa waya, naye mwalimu akaegemea upande mzima bila kuambiwa.

Alikuja kwa ajili ya Kulwa. Huyu mwalimu alikuwa mgeni pale shuleni, ameletwa mwezi wa kwanza kufundisha jiografia na kusimamia riadha, na timu ya riadha aliyoikuta ilikuwa ya watu wawili, mmoja wao ana pumu. Basi akaanza kuchukua kwa wenzake. Alichukua mlinda mlango wa timu ya soka. Alichukua wasichana wawili wa mpira wa wavu. Alichukua hata kijana mmoja wa kwaya ambaye kosa lake lilikuwa kukimbia mvua mbele ya mwalimu. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa na jicho tu, na akiona mtoto anakimbia, mkono unakwenda wenyewe kwenye ile saa.

Kulwa alionwa na mwalimu huyu siku mpira wa netiboli ulipobingirika kuelekea bondeni. Msichana aliufuata, akaurudisha uwanjani kabla vumbi halijatulia. Shida ni kwamba michezo yote ya sekondari huchezwa majira yaleyale, wiki ileile ya mwezi wa sita, na fomu ya wilaya ilisema wazi kuwa mwanafunzi mmoja ni mchezo mmoja. Na Kulwa alikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya Mwalimu Sophia tangu kidato cha kwanza, tangu alipokuwa akirusha mpira haufiki hata golini.

"Mama, mtoto ana miguu ya kumfikisha mbali," alisema Mwalimu Yunusi. "Kule netiboli wanamsimamisha kwenye duara kama mlingoti wa bendera."

"Mwalimu Sophia anasemaje?"

"Mwalimu Sophia ni mwenzangu. Tutaelewana."

"Basi elewaneni kwanza, mwanangu. Mimi nikikupa wewe leo, kesho nitamtazamaje yule?"

Mwalimu akakubali, akafunga faili. Alikuwa anainuka pale alipouliza swali ambalo mtu yeyote akisikia jina la Kulwa lazima aulize, maana Kulwa ni pacha wa kwanza na wa pili sharti awe Doto.

"Na Doto yuko wapi?"

"Amekwenda kuchota maji," akasema Mama Kulwa.

Hilo ndilo jibu alilolitoa kwa miaka kumi na sita. Doto aliishi siku kumi na moja. Kwenye ukoo wao pacha hasemwi kuwa amekufa, kwa sababu aliyebaki anaweza kusikia akamfuata mwenzake. Bibi Anastasia, marehemu mama yake Mama Kulwa, aliyewapokea watoto wote wawili kwa mikono yake, ndiye aliyemfundisha jibu hilo siku ileile ya maziko. Na kule juu jibu lilikuwa na maana yake. Tambarare ya Newala haina maji yake yenyewe. Visima vilikuwa chini kabisa bondeni, na zamani mtu aliyetoka na jogoo alirudi jua la utosi, kama hakukuta watu wengi. Kwa hiyo majirani wakiambiwa Doto amekwenda kuchota maji, waliinamisha macho kidogo, wakauliza habari za korosho.

Lakini Mwalimu Yunusi alikuwa mtu wa Lupaso, na kwao bomba lilikuwa nyuma ya nyumba. Alitazama njia ya bondeni, kisha akatazama saa yake.

"Wanafanana?"

"Walifanana hata mimi nikawa siwajui. Huyo mdogo nilimfunga uzi mweusi mguuni."

"Anasoma wapi?"

"Hajaanza."

"Umri huu hajaanza?" Mwalimu alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa amewaona wengi, watoto wa kike waliobakizwa nyumbani kwa ajili ya ndoo. Akaketi tena, akafungua faili, akaandika. "Namwandika mimi. Mita mia nane, na elfu moja mia tano. Mambo ya darasa nitazungumza na mkuu. Akirudi mwambie keshokutwa aje mazoezini."

Hapo ndipo Mama Kulwa alipopaswa kusema. Kisu kilikuwa mkononi na muhogo nusu umemenywa. Lakini angesemaje, na neno lenyewe halisemwi? Tena kulikuwa na jambo jingine, na hili tuliseme wazi: hakuna aliyewahi kuliandika jina la Doto. Hakupata kadi ya kliniki, hakupata cheti, na padri wa kumbatiza alikuja siku ya kumi na mbili. Mama Kulwa alinyoosha shingo kuitazama fomu, lakini kwa upande wake herufi zilikuwa kichwa chini.

"Hebu nisomee," akasema.

"Doto Alfredi."

"Sawa," akasema, akarudi kwenye muhogo wake.

Jumatano mkuu wa shule aliipiga fomu muhuri. Alhamisi, mama yuko nje anafagia, msichana akapanda kutoka njia ya bondeni na debe la bati kichwani, la aina ambayo siku hizi haionekani tena madukani. Alikuwa na urefu wa Kulwa na pua ya Kulwa. Kwenye kifundo cha mguu wa kushoto alikuwa na uzi mweusi, na uzi ulikuwa umekua pamoja naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umechelewa hivyo?"

"Foleni ilikuwa ndefu."

Mama Kulwa akaacha ufagio, akamsaidia kutua. Maji yalikuwa safi, yenye majani mawili juu yake ili yasimwagike. Kulwa alitoka ndani na mswaki mdomoni, akamtazama mwenzake kuanzia juu hadi chini, akasema sketi yake nyingine iko kwenye kamba, ila kifungo kimoja hakipo.

Jirani yao Cecilia, aliyekuja kuomba moto, alimkagua mgeni kwa muda. "Huyu hajachezwa unyago," akasema.

"Alikuwa kisimani."

"Basi likizo ya Desemba aingie na wenzake. Asije akachelewa na hilo." Akachukua kaa lake la moto akaenda zake.

Uwanjani Mwalimu Yunusi alimpanga mstarini peku, kwa kuwa raba zote alizojaribu zililowa na kuwa nzito. Miguu ya Doto ilikuwa na maji na haikukauka, hata juani, hata kwenye mchanga. Alipokimbia hakukanyaga kwa kishindo wala hakuacha shimo, aliacha unyevu tu, alama ndogondogo zilizopotea baada ya muda. Alizunguka mara mbili. Mwalimu alisoma saa, akaigonga kwa ukucha, akaisoma tena. Dakika mbili na sekunde tano. Alimwambia apumzike kidogo, na yeye mwenyewe akaenda kukaa nyuma ya choo cha walimu kwa muda, kwa sababu alihisi kutaka kulia.

Mwalimu Salmini, mkuu wa shule, alimwingiza katika daftari la mahudhurio la kidato cha tatu, mstari wa chini ya Kulwa. Vyeti vitafuata, alisema. Mkuu huyu alikuwa hajawahi kupata kombe la riadha wala la netiboli, na sasa aliona nafasi mbili juu ya kabati lake.

Zilikuwa siku nzuri, zile wiki mbili. Juu ya tambarare kulikuwa na baridi na ukungu wa asubuhi, watu wanapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, na nyumbani kwa Mama Kulwa walikuwa watatu. Doto alikula ming'oko, vile viazi vya porini, kidogo tu, kwa adabu, akasema kule kisimani hawali sana. Aliwapa habari za bibi. Bibi Anastasia hajambo, bado anagombana na watu kuhusu nafasi yake kwenye mstari, na anasalimia. Mama alipotandika mkeka, upande wa Doto haukubonyea. Mama alipita na kitambaa akikausha nyayo za Doto sakafuni, zikaja nyingine, akazikausha tena. Kazi hiyo hakuichoka hata siku moja.

Watu nao walirudi kumwita Mama Pacha. Jina hilo alikuwa amelibeba kwa siku kumi na moja tu, zamani, kisha kila mtu kwa huruma akalibadilisha kuwa Mama Kulwa. Sasa wakimwita Mama Pacha njiani, alikuwa anachelewa kuitika, makusudi, ili waite mara ya pili.

Mwenye furaha kuliko wote alikuwa Kulwa. Tangu mwenzake afike hakuna mwalimu aliyemfuata na saa. Alisimama kwenye duara lake akafunga magoli kumi na tisa dhidi ya shule ya jirani.

"Wewe hupendi kukimbia?" Doto alimuuliza siku moja wakati wanasukana.

"Mbio unakimbia peke yako," alisema Kulwa. "Netiboli lazima mtu akupe."

Doto akasema yeye peke yake ameshazoea.

Mambo yaliharibika Jumatatu ya wiki ya tatu. Mpira wa netiboli ulitoka nje ukiwa juu sana, Doto alikuwa anapita, akaruka akaudaka, na alikawia kidogo kule juu kabla ya kushuka. Mwalimu Sophia aliyaona hayo. Alikuwa na filimbi mdomoni na filimbi ikadondoka. Miaka minne alikuwa anatafuta mlinzi.

"Nipe huyu," alimwambia Mwalimu Yunusi. "Mapacha wangu nitawaweka mmoja mbele mmoja nyuma."

"Huyu ni wa riadha. Yumo kwenye fomu."

"Na Kulwa alikuwa kwenye fomu ya nani ulipokwenda kwa mama yake na faili? Soka umewachukulia, wavu umewachukulia, mpaka kwaya. Mwalimu, wewe mtoto ukimwona tu umeshamgeuza wako."

"Mtoto ni wa shule, mama."

"Mwenyewe umesema. Na mimi ni wa shule gani?"

Kuanzia hapo kila mmoja alimtaka kwa njia yake. Mwalimu Sophia alimpa jezi ya timu, yenye herufi za mlinzi mgongoni. Mwalimu Yunusi alimpa trakisuti yake mwenyewe ya chuo. Doto aliwajibu wote wawili, "Ndiyo, mwalimu." Siku moja, kengele ya michezo imeshalia, mmoja alimshika mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, kwa upole kabisa, walimu wote hawa ni watu wenye heshima zao. Kwa kuwa hakuwa na uzito, alikwenda huku akarudi kule, akaenda tena, kama shuka inayokung'utwa na watu wawili. Mama Kulwa aliliona hilo akiwa barabarani na mzigo wa kuni. Mkuu alikuwa dirishani, akafunga pazia.

Usiku huo Mwalimu Sophia aliandika barua wilayani. Aliomba haki, ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili kizuri maana ndilo somo lake. Hakuomba zaidi ya kwamba wachezaji wagawanywe sawasawa.

Afisa wa elimu wa wilaya alikuja Ijumaa kwa pikipiki. Alikuwa mtu mpole, mwenye rula na kalamu nyekundu katika mfuko wa shati. Miaka hiyo wilaya nyingi zilikuwa zinasafisha madaftari, kwa kuwa yalijaa majina yasiyo na wenyewe, na majina hayo yaliitwa wanafunzi hewa. Aliketi ofisini kwa mkuu, akaomba aitwe Doto Alfredi pamoja na mzazi wake.

"Shikamoo," akasema Doto.

"Marahaba, mwanangu. Cheti cha kuzaliwa?"

Hakipo, alisema mama.

"Kadi ya kliniki?"

Haipo.

"Namba ya mtihani wa darasa la saba?"

"Alikuwa kisimani," akasema Mama Kulwa.

Afisa alitazama chini, akaona maji yamefika kwenye soli ya kiatu chake. Alisogeza mguu. Alimtazama Doto kwa muda, na watu waliokuwepo wanasema macho yake yalikuwa na huruma. Kisha akaweka rula juu ya jina, akapiga mstari mwekundu, na pembeni akaandika: hewa.

"Usiichukulie vibaya, binti," akasema. "Ndivyo tunavyoandika."

"Muandike upya," alisema mama. "Hata kwa penseli, baba. Hata pembeni."

"Mama, nikimwandika asiye na karatasi, nitakuwa nimemwandika nani?"

Akaomba radhi, akapiga mstari mwingine kwenye daftari la mahudhurio, na kwenye fomu ya riadha, na juu ya karatasi ya netiboli ambako Mwalimu Sophia alikuwa ameshamwingiza kwa matumaini. Mwalimu Sophia alianza kulia waziwazi. Alisema sivyo alivyotaka. Mwalimu Yunusi alikuwa anaizungusha ile saa kwenye kamba yake. Hakuna aliyebishana na afisa, kwa sababu kila alilosema lilikuwa kweli.

Nyumbani Doto alivua sketi ya dada yake akaikunja. Alimimina maji yaliyobaki katika mtungi, akachukua debe. Mama alipiga magoti kumkaza uzi mguuni, na uzi ulikuwa hauhitaji kukazwa, lakini alikaa pale chini akaukaza kwa muda mrefu.

"Msalimie bibi," akasema.

"Nitamsalimia. Ngoja niwahi, mama, saa hizi watu wanakuwa wengi."

Walimsindikiza hadi njia inapoanza kushuka. Aliteremka bila kuteleza, na debe tupu linagonga kwenye goti, na mlio huo ulisikika hata baada ya yeye kutoonekana. Mama Kulwa alilia njia nzima ya kurudi. Kulwa alimshika mkono, naye akalia kwa sababu zake. Cecilia akawapikia jioni hiyo, na kuanzia siku iliyofuata akarudi kusema Mama Kulwa.

Ilibaki wiki moja kabla ya timu kwenda Masasi kwenye mashindano. Mwalimu Yunusi alikuja Jumapili baada ya ibada, bila saa shingoni. Alikaa kwenye kiti kile, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Ni nakala ya fomu ya kwanza," akasema. "Kabla haijakatwa. Niliona ikae kwako."

Mama Kulwa aliifungua. Safari hii herufi zilikuwa upande wake. Alipitisha kidole juu ya jina, mara moja, na mara ya pili. Alimshukuru mwalimu, na alimshukuru kwa moyo wake wote, kwa sababu katika dunia nzima ni mtu huyu aliyekuwa wa kwanza kumwandika mwanawe.

"Sikujua, mama," alisema mwalimu. "Nisamehe. Kwetu maji hayako mbali."

"Nimekusamehe siku nyingi."

Mwalimu aliutazama mguu wa kiti uliofungwa waya. "Sasa, mama," akasema, "nafasi ya riadha iko wazi. Nami sina mwingine. Namfikiria Kulwa."

Alikuwa amekuja kwa mambo yote mawili, na yote mawili yalikuwa ya kweli. Ndivyo alivyo. Mama Kulwa alimwita binti yake kutoka jikoni. Akamuuliza mbele ya mwalimu jambo ambalo, ukihesabu tangu Januari, hakuna aliyemuuliza, na yeye mwenyewe hakuwahi.

"Wewe unataka nini?"

"Netiboli," alisema Kulwa.

Mwalimu akaitika kwa kichwa. Alisema amesikia, akaaga kwa heshima, akaenda.

Jumatatu orodha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kulwa Alfredi, riadha, mita mia nane na elfu moja mia tano. Mkuu alikuwa ametia sahihi. Mwalimu Sophia aliisoma akiwa amesimama, akafuta miwani, akaisoma tena. Kisha akaenda uwanja wa mpira wa mikono, akamwita pembeni Oliva, msichana mrefu mwenye vidole vizuri, akamuuliza kama amewahi kufikiria netiboli.

Mama Kulwa aliambiwa na Kulwa mwenyewe. Hakwenda kugombana na mtu. Alichukua kaa lililozimika, akasimama mbele ya mlango wa nyumba yake, na kwa mwandiko wa darasa la saba, herufi moja moja, akaandika juu ya mbao: DOTO ALFREDI. Halafu akaishika njia ya shuleni.

Alifika mazoezi yameanza. Kulwa alikuwa mstarini, amevaa raba zenye meno alizopewa na mwalimu, uso umemkunjamana. Mwalimu Yunusi aliinua mkono. Lakini Kulwa hakukaa katikati ya njia yake. Alisogea hadi ukingoni, akabakisha nafasi ya mtu mmoja, akatazama upande wa bondeni, akasubiri. Mwalimu naye akasubiri, mkono uko juu. Kisha mchanga wa pale pembeni ukalowa mahali pawili, kwa umbo la nyayo.

Mkono ukashuka. Kulwa akaondoka, na unyevu ukaondoka naye, hatua kwa hatua, mzunguko wa kwanza na wa pili, bega kwa bega. Mama Kulwa alihesabu nyayo za watu wawili kutoka pale alipokuwa amesimama. Mwalimu Yunusi naye aliziona, akavua kofia. Walipovuka mstari alibonyeza saa, akafungua faili, akaandika muda mmoja mbele ya jina moja.

Kisha akamwambia Kulwa arudie.